Maji Yawe Wazi

Makobola, 2 Agosti 2024

Kwako shemeji Gratien,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kaka yako Toussaint, kile chenye mguu mmoja mfupi. Miaka sita nilimwomba akitengeneze, na miaka sita alinijibu kwamba fundi wa mbao hafanyi kazi nyumbani kwake mpaka apewe sahani ya pili. Mama yako amelala. Nicole amekwenda kuteka maji. Hatuumwi, isipokuwa kwa hili unalolijua.

Sipigi simu kwa sababu simu yangu alikuwa nayo Toussaint siku ile. Simu ya jirani ni ya kila mtu: ukianza kuongea, watu saba wananyamaza pembeni ili wasikie. Barua hii nitampa Ngendakumana wa boti ya mizigo, anayeshuka Kalemie mara mbili kwa mwezi. Amesema ataiacha kwenye geti la kambi yenu.

Kwa kuwa hukuwepo, nikueleze kama nilivyoona na kama nilivyoelezwa. Boti ilitoka Uvira saa tatu asubuhi, Jumanne tarehe 16 Julai, kwenda Baraka. Ilibeba saruji na watu ishirini na watatu. Toussaint alikuwa na madirisha kumi na mawili ya shule ya huko. Upepo wa kusini uliikuta mbele yetu hapa, mbali kidogo na ufuko, na saa tano tuliiona ikipinduka. Watu tisa wamepona. Wengi wao walishika madirisha yake, maana fremu ya mbao inaelea. Maiti kumi na tatu zimepatikana. Anayebaki ni mmoja.

Mama alitufikishia maneno yako uliyomwambia kwa simu wakati wa msiba: kwamba helikopta yenu ya uokoaji iliharibika asubuhi ile ile, mkiwa mnataka kuipandisha, na sasa mnangoja kipande cha kuitengeneza. Nimeelewa. Vyombo vinaharibika. Msumeno wa Toussaint ulikatika siku ambayo padri alikuwa amesimama mlangoni akingoja benchi lake.

Sasa wazee wa ukoo wanataka tufunge matanga. Wanasema wakate mgomba wenye urefu wake, wauvalishe shati lake, wauzike mahali pake, kama wanavyofanyiwa watu ambao ziwa halikuwarudisha. Nimekataa. Nimewaambia kwamba kule kwenye rasi ya Ubwari kuna mawe na matete ambako boti haifiki, lakini mtu aliye juu anaona. Helikopta ikipona, inaweza kupita kumtafuta? Siombi kuletewa mtu aliye hai, shemeji. Naomba tumzike yeye mwenyewe, basi. Niambie kipande kinafika lini ili niwajibu wazee.

Mimi shemeji yako,
Félicité, Mama Nicole


Kalemie, 11 Agosti 2024

Mama Nicole, shemeji yangu,

Barua yako imefika ikinuka samaki. Nafikiri Ngendakumana aliiweka pamoja na chakula chake. Nimeisoma nyuma ya karakana, juu ya pipa, kwa sababu ndani ukikunja uso wenzako wanaanza kuuliza.

Kilichotukwamisha kinaitwa gia ya mkia. Ndiyo inayozungusha lile panga dogo la nyuma. Ukubwa wake ni kama sufuria ya bugali ya watu sita, lakini bila hiyo helikopta ikiinuka itajizungusha hewani kama pia ya watoto mpaka ianguke. Haichongwi hapa, haiungwi, haifungwi na waya. Isipokuwepo, chombo kizima ni banda la kuku.

Kipande kimeagizwa. Kinapitia Lubumbashi. Wanasema wiki tatu. Siku kitakapofungwa nitaomba niwe ndani mimi mwenyewe, na tutapita chini chini kuanzia Makobola mpaka ncha ya Ubwari, jiwe kwa jiwe. Waambie wazee wangoje.

Niandikie alivaa nini. Ukiwa juu, jicho linashika rangi kabla ya umbo.

Usiku silali vizuri. Nakumbuka viatu vyangu vya kwanza vya shule. Toussaint alivivaa yeye wiki nzima, vidole vimekunjwa ndani, akichechemea mpaka sokoni na watu wakimcheka, ili vilainike visije vikaniumiza. Sijui kama aliwahi kukusimulia.

Msalimie Mama. Mwambie nakula.

Gratien


Makobola, 22 Agosti 2024

Shemeji Gratien,

Hakunisimulia habari ya viatu. Nimefurahi kuipata, ni kama amerudi dakika moja kutoka kazini.

Alivaa shati la bluu, bluu ya kitu kilichofuliwa sana. Alikuwa na mawili ya kitambaa kimoja, na la pili liko hapa. Lile alilovaa lina mfuko wa kifua uliochanika chini kwa sababu ya penseli zake. Niliushona kwa uzi mwekundu maana mweusi ulikuwa umekwisha, akazunguka nyumba nzima akisema sasa ana mfuko wa jenerali. Suruali ya kaki. Kandambili za Nicole, kwa kuwa zake hakuziona asubuhi na boti ilikuwa inangoja. Zilikuwa chini ya kitanda. Na penseli juu ya sikio, lakini najua penseli haionekani kutoka juu.

Wazee wamekubali kungoja. Mmoja alinung'unika, lakini Mama alimwambia: “Mutoto yangu ni fundi wa elikopta. Akisema anakuja, anakuja.”

Kuna jambo lingine, na naomba unijibu vizuri. Ni juu ya Pitchou, mkubwa wa kamati ya wavuvi. Boti ile ilipopinduka, boti sita za wavuvi zilikuwa ufukoni na mbili injini zilishawashwa. Pitchou alipiga simu Uvira, Uvira wakaita kambi yenu kwa redio, na anasema jibu lilirudi upesi: helikopta iko tayari, inaondoka. Basi akaingia majini mpaka kiunoni, akanyoosha mikono, akawazuia wenzake. “Muntu asiingie mu mayi. Elikopta iko inakuja. Maji yawe wazi.” Boti zikavutwa nyuma. Watu wakakaa kwenye mchanga wakitazama juu. Tulikuwa tunawaona wale wengine kwa mbali kama nukta. Saa kumi mzee mmoja alisema shingo yake imechoka, yeye anakwenda, na hapo ndipo wote wakaenda.

Neno lile unalijua lilikotoka. Mwaka jana, mlipokuja kufanya mazoezi hapa, wewe ndiye uliyepanda juu ya boti iliyogeuzwa juu chini ukatueleza kwamba upepo wa mapanga unapindua mitumbwi, kwa hiyo helikopta ikiitwa, wavuvi watoke ziwani. Mama alivaa kitenge kipya kuja kukutazama. Ulitufanya turudie sote kama watoto wa shule: maji yawe wazi. Toussaint alirudia kwa sauti kubwa kuliko wote, ili ucheke.

Pitchou anasema alifuata somo. Watu wanamjibu: “Weye unatafuta pa kuweka muzigo yako. Gratien mwenyewe aliambia mama yake elikopta iliharibika asubuhi. Nani alikuambia iko tayari?” Wengine wanasema hakupiga simu kabisa, alihurumia petroli yake tu. Mimi nami nimeacha kumsalimia. Sokoni nilimpita mke wake Providence kama mtu anayepita ukuta.

Jibu la namna hiyo lilitoka kwenu, ndiyo au hapana? Ukiniambia, nitajua namna ya kumtazama.

Félicité


Kalemie, 4 Septemba 2024

Mama Nicole,

Asante kwa habari ya shati. Nimeiandika kwenye karatasi ndogo, iko mfukoni mwangu.

Kipande kimefika Lubumbashi. Kinangoja nafasi kwenye ndege. Mambo haya yana foleni.

Juu ya Pitchou, nisingependa mumchukie. Siku kama ile redio zinaingiliana, sauti zinakatika, na mtu husikia kile anachotaka kusikia. Yeye alitaka kusikia kwamba tunakuja. Mtu yeyote angetaka.

Kama wazee wamechoka sana, labda si vibaya kuwasikiliza. Lakini kama wewe bado una nguvu ya kungoja, ngoja.

Nimempa Ngendakumana sabuni na sukari kidogo. Sukari ni ya Mama, asimpe kila anayepita.

Gratien


Makobola, 19 Septemba 2024

Shemeji,

Sabuni na sukari tumepokea. Mama amegawa sukari kwa kila aliyepita.

Nilikuuliza ndiyo au hapana na hukunijibu, lakini nilidhani nimeelewa. Basi Jumapili, baada ya misa, nilisoma barua yako mbele ya kamati ya wavuvi, pale ulipoandika kwamba mtu husikia kile anachotaka kusikia. Nilifikiri itamsaidia Pitchou. Nilifikiri watasema masikini, alikosea kusikia. Lakini mmoja akasema: “Unaona? Hata fundi anasema hakuambiwa kitu.” Wakamvua ukubwa hapo hapo. Siku ya pili nyavu zake zilikutwa zimekatwa vipande vipande, vizuri, kama mtu aliyekaa chini akafanya kazi bila haraka.

Alikuja nyumbani Jumatano mchana. Hakuingia. Alisimama mlangoni ameshika kofia.

“Mama Nicole,” akasema, “minye nilisikia. Ile sauti haikukatika. Ilisema iko tayari, dakika tisini. Nilirudilia mara mbili, nikauliza: iko tayari kabisa? Ikasema kabisa.”

Nikamwambia ndivyo shemeji yangu alivyoandika, na shemeji yangu hana sababu ya kudanganya.

“Ndiyo,” akasema. “Muntu aliyefiwa na ndugu yake atadanganya juu ya nini?” Akavaa kofia, akaivua tena. “Toussaint alinitengenezea mulango. Haujawahi kulia hata siku moja.”

Akaondoka. Sikumpa kiti. Naendelea kuliona jambo hilo.

Sasa niambie hili. Jumamosi tarehe 14, saa nne asubuhi, helikopta ilipita hapa ikitokea kusini. Nilikuwa naosha vyombo. Nilikimbia ndani nikachukua shati lake la pili, nikaenda ufukoni, nikalipunga juu ili muone rangi yenyewe ilivyo. Wanawake wengine wakanifuata wakipunga vitenge. Nicole alikuwa analia kwa furaha. Ilipita moja kwa moja kuelekea Uvira, haikuinama hata kidogo. Jioni ikarudi, mbali zaidi.

Watu wa Uvira wanasema ilileta wageni wa mkutano. Kama kipande kimefungwa, kwa nini haikutafuta? Na kama hakijafungwa, ile ilikuwa nini? Kwa ulivyoniandikia, nilielewa mna helikopta moja.

Félicité


Kalemie, 3 Oktoba 2024

Félicité,

Nimeanza barua hii mara nne. Hii ya sasa nitaituma hata ikiwa mbaya.

Helikopta ziko mbili. Moja ni ya uokoaji. Ya pili ni ya wakubwa na wageni wao. Zinafanana, na kwa kuwa vipande havipatikani, tuna desturi moja hapa karakana: tunamvua huyu tunamvika yule. Hakuna anayeiona kuwa dhambi. Ndivyo tumefanya kazi miaka yote; bila hivyo zote mbili zingekuwa zimelala.

Ijumaa tarehe 12 Julai, gia ya mkia ya helikopta ya wakubwa ilianza kumwaga mafuta, na walikuwa na safari ya siku nne. Mkuu wa karakana aliniambia niivue ile ya uokoaji. Nikaivua kwa mikono yangu. Jumatatu walikuwa wanakuja wakaguzi, na helikopta ya uokoaji ikionekana haina gia, ingekuwa aibu kwake. Kwa hiyo akasema kwenye kitabu tuache ilivyo: tayari kuruka. Kila asubuhi fundi wa zamu anatia sahihi kitabu hicho, na chumba cha redio kinanakili ubaoni. Jumamosi nilitia sahihi. Jumapili nilitia. Jumatatu. Jumanne saa moja asubuhi.

Wito wa Uvira ulipokuja, mtu wa redio alitazama ubao akajibu alichokiona. Pitchou alisikia sawasawa.

Haiishii hapo. Mimi nilijua ndani ya dakika tano kwamba jibu limetoka. Nilikuwa nimesimama chini ya mkia, natazama shimo pale gia inapokaa. Nilikimbia kwa mkuu. Akasema ile ya wakubwa inarudi saa sita, tutaituma hiyo hiyo, usiende redioni kuleta kelele wakati wakaguzi wako ofisini wanakunywa chai. Nikakubali. Saa sita haikufika. Akasema nusu saa. Saa saba akasema nusu saa. Mimi nami nilijiambia nusu saa, kila nusu saa. Chumba cha redio kilikuwa hatua thelathini kutoka niliposimama. Ningesema neno moja, Uvira wangempigia Pitchou, na boti sita zingeingia ziwani. Nilikuwa nimewafundisha mimi watoke majini. Nilijua wamekaa mchangani. Niliwaona kabisa kichwani mwangu, wamekaa.

Ilitua saa kumi na moja.

Sikujua kwamba Toussaint yumo ndani ya boti ile. Kwa muda nilijifariji kwamba ningejua, ningekwenda redioni. Siku hizi sina hakika. Ningeogopa vile vile.

Kipande hakiji. Hakikuwahi kuagizwa. Kwenye kitabu helikopta ya uokoaji haijapungukiwa kitu tangu Julai mpaka leo, na huwezi kuagiza kitu ambacho kitabu kinasema kipo. Lubumbashi na ile foleni niliitunga. Nilipokuuliza alivaa nini, sikuwa na helikopta ya kumtafuta. Nilitaka tu unijibu.

Tarehe 14 nilikuwemo ndani. Nilikaa nyuma karibu na dirisha, na nikaona kitu cha bluu kwenye ufuko wa Makobola. Niligeuza uso upande wa pili. Mpaka nilipoipata barua yako, nilijiambia ni nguo iliyoanikwa.

Juzi niliandika ukweli kwenye kitabu: gia ya mkia haipo, ilivuliwa tarehe 12 Julai. Mkuu alikisoma, akafunga mlango. “Gratien, weye unataka tufungwe sote? Ndugu yako atafufuka?” Kitabu amekichukua. Leo kuna kitabu kipya, na mimi nimewekwa getini kuandika majina ya wanaoingia. Huko ndiko nilikompokea Ngendakumana na barua yako mkononi.

Mwambie Pitchou. Msomee kamati hii yote, kama ulivyosoma ile. Mwambie na Mama, au niache nije nimwambie mwenyewe. Fanya utakavyoona.

Gratien


Makobola, 22 Oktoba 2024

Gratien,

Barua yako niliisoma mara moja, nikaiweka chini ya viazi kwenye kikapu, nikaishi nayo siku tatu kama mtu aliyeficha nyoka. Siku ya nne niliisoma tena na maneno yalikuwa yale yale.

Nilikwenda kwanza kwa Pitchou. Nilimkuta Providence peke yake anaanika visamaki vya ndagala. Nikamwambia pale pale, nimesimama: “Mama, Pitchou alisema kweli. Jibu lilitoka Kalemie. Helikopta haikuwa nzima na waliandika ni nzima.”

Hakuacha kazi. “Nani amekuambia?”

“Gratien. Yeye ndiye aliyetia sahihi.”

Aligeuza ndagala upande wa pili kwa kiganja chote, kama anavyofanya siku zote. “Minye nilikuwa kando ya Pitchou siku ile,” akasema. “Simu ilikuwa mu mukono yangu, ilikuwa kwa sauti kubwa. Nimejua tangu siku ile. Sasa weye unaniletea habari yangu?”

Nikamwuliza Pitchou yuko wapi, nimwambie yeye mwenyewe na nimwombe radhi.

“Alivuka.”

“Wapi?”

“Labda Rumonge. Labda Kigoma. Alisema atatuma neno.” Akageuza ndagala mpaka akamaliza mstari mzima. “Iko wiki ya ine. Ukimuona mbele yangu, umuambie.”

Kamati niliwaambia pia. Sikuwasomea barua, niliwaambia tu kwamba jibu lilitoka kambini na lilikuwa la uongo, Pitchou hakukosea. Walinisikiliza kwa heshima kwa kuwa mimi ni mjane. Mkubwa mpya akasema basi, hayo yamepita, na wakarudi kwenye maneno ya nyavu. Nilitegemea mtu mmoja atainamisha kichwa. Nilisimama pale kidogo zaidi ya ilivyofaa, halafu nikaenda nyumbani.

Sasa kuna jambo ambalo mimi nami nilikuficha. Modeste, mmoja wa wale tisa, alikuja kunisimulia wiki ya kwanza, na nilimwapisha asilitoe kwa mtu. Anasema kufika saa nane walikuwa bado kumi na wawili hai, wameshika madirisha, na nchi kavu ilikuwa inaonekana. Wengine walitaka kupiga miguu wasogee. Toussaint aliwakataza. Aliwaambia watunze nguvu. “Mudogo yangu iko kule Kalemie,” akasema. “Anatengeneza ile elikopta kwa mikono yake. Haiwezi kukosa kuja. Mutulie.” Wakatulia. Aliwaonyesha namna ya kushika fremu kwenye pembe, kwa sababu katikati gundi ilikuwa haijakauka vizuri. Saa tisa Modeste na wenzake hawakuweza tena kutulia, wakaanza kupiga miguu kwenda ufukoni, na ndio hao boti ziliowaokota. Walimwita. Alisema wao waende, yeye anabaki mahali pa wazi ili ninyi wa helikopta muwaone wote kirahisi.

Nilikuwa nimeamua kutokuandikia hilo maisha yangu yote. Nilisema, Gratien ana mzigo wake. Sasa nimekuandikia, na sijapata nafuu yoyote, kwa hiyo usifikiri nilitaka kukulipa. Ila sikuona tena sababu ya kulibeba peke yangu.

Jumamosi tumefunga matanga. Wazee walikata mgomba kwenye shamba la mama mdogo, wakaupima kwa kamba niliyowapa, na nikauvalisha shati mwenyewe kwa kuwa hawakujua kufunga kifungo cha juu, kile alichokuwa anakikwepa. Mfuko wake ni mzima, hauna ule uzi mwekundu. Wanaume wawili waliubeba bila kupumzika. Nyuma yangu mtu alisema kwa sauti ndogo kwamba ni mwepesi, na mwenzake akamnyamazisha. Nicole aliniuliza kama baba sasa amefika. Nilimwambia ndiyo.

Unasema nifanye nitakavyoona. Sioni vizuri, Gratien. Nikikufikiria getini unaandika majina, nakuhurumia. Nikifikiria hatua thelathini, nasimama kuzihesabu hapa uani, kutoka jikoni mpaka kwenye choo na kurudi, na siwezi kuendelea na barua. Vyote viwili viko. Sijui kama kuna siku kimoja kitamaliza kingine.

Usije. Si kwa hasira ninavyosema. Uso wako utasema kabla ya mdomo wako, na Mama ana mtoto mmoja tu aliyebaki. Akikupoteza na wewe, nani atakayemwita mama? Kwenye matanga alikaa na mkeka umekunjwa kando yake, wa kwako, aliokuwekea ukifika. Watu walipoanza kutawanyika aliniuliza kwa nini hukuja kumzika kaka yako.

Nilimwambia bado mnangoja kipande.

Aliukunjua mkeka, akaulalia.

Félicité